MBWA WETU NA MPAKA WA HIFADHI: WAJIBU WA MWENYE MBWA

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Mifugo mmoja mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Kibimba, Mkoa wa Kagera. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya watumishi na wakaazi wa Visiwa, hususan wale wanaoishi jirani na misitu ya hifadhi kama vile Jozani na Ngezi, na kwa kuwa sehemu ya mazungumzo hayo inahusu mambo yaliyotokea kisiwani Pemba.)

Ndugu Mwenyekiti wa Mkutano,
Ndugu Watendaji wa Kata na Vijiji,
Ndugu Wenyeviti wa Vitongoji,
Walimu na watumishi wenzangu,
Wazee wetu, akina mama na akina baba,
Ndugu wananchi,

Nimeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona kuwa dogo, nalo ni mbwa. Najua kwamba mkutano unapoitwa kwa ajili ya barabara, maji au pembejeo, watu hufika mapema. Unapoitwa kwa ajili ya mbwa, watu huulizana kama Serikali imekosa kazi. Lakini naomba mnivumilie. Mtakaponisikiliza hadi mwisho mtaona kwamba jambo hili linahusu maisha ya watoto wetu, na pia mali ya Taifa tuliyokabidhiwa kuilinda.

Kwanza nitaeleza tunapakana na nini. Kisha nitaeleza mbwa anapovuka mpaka huo anakwenda kufanya nini, na anaporudi anakuja na nini. Mwisho nitataja wajibu wa kila mwenye mbwa, awe mkulima, mfugaji au mtumishi wa Serikali.

Hifadhi tunayopakana nayo

Ndugu wananchi, sisi wa Wilaya za Ngara na Biharamulo tumeishi kwa miaka mingi kando ya mapori ya akiba. Mwaka 2019 mapori matatu, yaani Biharamulo, Burigi na Kimisi, yaliunganishwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye eneo la kilometa za mraba 4,707. Humo mnapatikana tembo, twiga, nyati, pundamilia, pofu, korongo na nyamera, na katika mafunjo ya maziwa na mabwawa yupo nzohe, mnyama ambaye haonekani kwa urahisi mahali pengine. Wapo pia chui, fisi na bweha, ambao ninyi wafugaji mnawafahamu kuliko mimi.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba wanyama hao hawakuwa salama wakati wote. Mwishoni mwa mwezi Aprili 1994, katika muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka Daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia katika wilaya ya Ngara wakikimbia mauaji. Tuliwapokea kama ndugu. Lakini umati mkubwa kiasi hicho unapokaa kando ya pori, kuni hukatwa na nyama hutafutwa, na katika miaka ile wanyama wa Burigi na Kimisi walipungua sana. Ng'ambo ya Mto Kagera, kuelekea kaskazini, katika Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda, simba walitoweka kabisa katika miaka iliyofuata vita ile. Ilipofika mwaka 2015 ililazimu simba saba wasafirishwe kwa ndege kutoka Afrika Kusini ili kuanza upya.

Nataja habari hii kwa sababu moja. Mnyama aliyepotea katika pori harudi kwa tamko la mkutano. Kumrudisha ni kazi ya miaka, na ni gharama kubwa. Kwa hiyo hao waliobaki kwetu ni akiba ambayo haifai kuchezewa.

Mbwa akivuka mpaka

Sasa nije kwa mbwa. Mbwa ni rafiki wa nyumba. Hulinda mbuzi usiku, humwambia mwenye nyumba kwamba mgeni amefika, na hufuatana na mtoto anayekwenda kuchunga. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesimama hapa na kusema mbwa wasifugwe.

Lakini mbwa huyo huyo, anapofunguliwa na kuachwa azurure, hana habari ya mpaka. Kigingi cha hifadhi ni alama kwa ajili ya binadamu. Kwa mbwa ni mahali pa kunusa na kuinua mguu. Anasikia harufu, anaifuata, na baada ya nusu saa yumo ndani.

Humo anafanya mambo matatu. La kwanza, anafukuza. Wanyama wengi jamii ya swala huwaficha watoto wao kwenye nyasi katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa, na mama hukaa mbali kidogo ili asiwavute maadui. Mbwa hupita na pua yake chini na kuwagundua. Hata asipoua, mama aliyekimbizwa anaweza kumpoteza mtoto. Ndege wanaotaga chini, kama kanga na kware, huacha mayai yao na mayai hupoa. La pili, anawafundisha wanyama woga. Nzohe aliyezoea kutoka kwenye mafunjo alfajiri kuja kula majani huacha kutoka, na mgeni aliyelipa ada ya kuja kumwona huondoka bila kumwona. La tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, mbwa hubeba magonjwa.

Naomba tusimame kidogo kwenye jambo hili la magonjwa.

Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba magonjwa hutoka porini na kuja kijijini. Tunasema fisi ndiye aliyeleta, bweha ndiye aliyeleta. Mara nyingi kweli ni kinyume chake. Utafiti uliofanyika kwa miaka mingi katika eneo la Serengeti umeonyesha kwamba kichaa cha mbwa huendelea kuwepo kwa sababu ya mbwa wafugwao. Fisi na bweha huambukizwa, hufa, na huweza kuuma, lakini ugonjwa wenyewe hukaa kwetu, vijijini, katika mbwa wasiochanjwa.

Mifano ipo hapa hapa nchini. Mwaka 1991 makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakifuatiliwa na wataalamu katika nyanda za Serengeti yalitoweka, na kichaa cha mbwa kilikuwa kimethibitika kuwa kiliua baadhi yao. Miaka mitatu baadaye, yaani 1994, ulizuka katika simba wa Serengeti ugonjwa uitwao distempa. Huu ni ugonjwa wa mbwa, na kirusi chake ni cha ukoo mmoja na kile cha surua ya watoto. Simba walionekana wakitetemeka na kuanguka. Inakadiriwa kwamba takriban simba 1,000 walikufa, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa eneo lile. Simba ambaye hamwogopi nyati aliuawa na ugonjwa ambao mbwa hujaza vijijini.

Na katika Milima ya Bale nchini Ethiopia yupo mnyama wa jamii ya mbwa, mwenye rangi nyekundu, ambaye hapatikani mahali pengine popote nje ya nchi ile. Waliobaki duniani ni mamia machache tu. Wafugaji hupanda milimani pamoja na mbwa wao, na zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2003, kichaa cha mbwa kimewaingia wanyama hao na kuua sehemu kubwa ya kundi katika muda wa miezi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu anaposema, "Mbwa wangu ameingia porini kutembea tu, hakuua kitu," ajue kwamba mate yake peke yake yanaweza kuua zaidi ya meno yake.

Anachorudi nacho

Mbwa aliyeingia porini hurudi nyumbani. Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi wenyewe.

Kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate, hasa kwa kuumwa. Baada ya kuumwa, ugonjwa huweza kukaa kimya mwilini kwa wiki kadhaa au miezi miwili, mitatu, na pengine zaidi. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, yaani kuogopa maji, kushindwa kumeza, kuweweseka na kupooza, tiba haipo. Mgonjwa hufa. Hakuna hospitali, ya hapa wala ya Ulaya, ambayo unaweza kuitegemea kumponya mtu aliyefikia hatua hiyo. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, karibu wote katika Afrika na Asia, na karibu nusu yao ni watoto. Katika kila watu 100 wanaoupata, 99 wameupata kutoka kwa mbwa.

Lakini hapo hapo kuna habari njema, nayo ni ya zamani. Tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa nchini Ufaransa na mtoto yule akapona, inajulikana kwamba mtu aliyeumwa anaweza kuokolewa kabla dalili hazijaanza. Ugonjwa huu hauna tiba, lakini una kinga ya uhakika. Anayekufa leo kwa kichaa cha mbwa anakufa kwa sababu kinga haikumfikia, au hakuifuata.

Ndugu Mwenyekiti, naomba ruhusa niseme jambo la aibu yangu mwenyewe. Nimelifikiria sana kabla ya kuja, nikaona ni afadhali nilitaje kuliko kuwahubiria watu kana kwamba mimi sijawahi kukosea.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mtumishi kijana katika kituo kilichokuwa kando ya msitu, nilifuga mbwa nikamwita Popi. Kazi yangu ilikuwa kuchanja mbwa wa wananchi. Nilizunguka kijiji kwa kijiji na baiskeli, kasha la barafu likiwa nyuma. Siku ya mwisho ya zoezi dozi zilikwisha nikiwa bado sijamchanja Popi. Nikajiambia nitamchanja safari ijayo. Safari ijayo ilikawia. Kila jioni nilimfungulia aende atakako, naye alikwenda msituni.

Siku moja alirudi na jeraha shingoni. Nililiosha, nikasema ni mambo ya mbwa. Baada ya wiki kama sita alianza kujificha chini ya kitanda. Sauti yake ilibadilika. Siku ya pili asubuhi alitoka mbio nje, akamkuta binti wa jirani, mwenye umri wa miaka saba, akipita na ndoo, akamuuma mkononi na kwenye paja.

Nasema kweli: mimi mtaalamu nilisimama mlangoni nimeduwaa. Mama wa mtoto ndiye aliyefanya lililopasa. Alimchukua mwanawe hadi kwenye maji, akaosha majeraha kwa sabuni, akaendelea kuosha hata mtoto alipolia kwa maumivu. Zahanati ya jirani haikuwa na dawa. Tulisafiri siku nzima, na niliuza baiskeli yangu ili kulipia nauli na gharama nyingine. Mtoto alichomwa sindano zote zilizotakiwa, akapona, na leo ni mama wa watoto.

Yule mama hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu tulipokuwa tukisubiri: "Bwana Mifugo, mbwa wetu wamechanjwa na wewe. Huyu wa kwako alichanjwa na nani?" Sikuwa na jibu siku ile, na sina jibu hata leo.

Fundisho la Pemba

Baadhi yenu mtauliza: je, tunaweza kweli kuumaliza ugonjwa huu, au tunasumbuliwa tu kila mwaka? Jibu lipo katika nchi yetu wenyewe, kisiwani Pemba.

Mwaka 2010 kichaa cha mbwa kilikuwa kikienea Pemba. Ulianzishwa utaratibu wa kuchanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka. Mwanzoni haukwenda vizuri sana, lakini uliboreshwa, na mbwa wagonjwa, watu walioumwa na watu waliokufa wakapungua mwaka hadi mwaka. Ilipofika mwezi Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha kisiwani.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Kwa kuwa ugonjwa haukuonekana tena, uchanjaji ulilegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa uliingia tena kutoka nje ya kisiwa, mara mbili, ukawakuta mbwa wasio na kinga, ukaenea upya. Ilibidi uchanjaji wa kisiwa kizima urejeshwe, na ugonjwa ukakomeshwa tena mwezi Oktoba 2018.

Wenzetu wa Pemba wametufundisha mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba inawezekana, na kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliingiliwa, sisi tuliopakana na Rwanda, Burundi na pori lenye kilometa za mraba 4,707 tutasemaje?

Wataalamu wanaeleza kwamba ikiwa mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Sababu yake ni rahisi. Uchunguzi uliofanyika katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa mwingine mmoja na kidogo zaidi. Moto huo ni mdogo, lakini hauzimiki wenyewe. Ukiondoa kuni, unazimika. Hata hivyo mbwa wetu hawaishi miaka mingi. Wengine hufa na wengine huzaliwa, na kila mwaka kijiji kinakuwa na mbwa wapya wasiochanjwa. Ndiyo maana chanjo ya mwaka jana haitoshi kijiji cha mwaka huu.

Wajibu wa mwenye mbwa

Ndugu wananchi, sasa nitaje wajibu wenyewe. Nitautaja kwa utaratibu ili watendaji waweze kuuandika na kuubandika kwenye mbao za matangazo.

(1) Mbwa asiingizwe katika hifadhi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa, kwa mujibu wa Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, na kanuni zake, hairuhusiwi kuingia bila kibali, wala kuingiza mnyama wa kufugwa. Asiwepo mtu wa kusema alikuwa akimtembeza mbwa wake tu. Anayeingia na mbwa pamoja na mkuki au panga atahesabiwa kuwa amekwenda kuwinda, na ni juu yake kujieleza.

(2) Karibu na mpaka mbwa afungwe kamba. Anayekwenda shambani, kuchunga au kuchota maji upande wa mpaka amwache mbwa nyumbani, au amwongoze kwa kamba iliyo mkononi mwake. Kumwita kwa mluzi baada ya kwisha kumwona swala ni kazi bure.

(3) Usiku mbwa wawe uani. Mbwa anayelinda mbuzi hulinda akiwa zizini. Mbwa anayezunguka usiku halindi kitu. Anakwenda kupigana na fisi.

(4) Mbwa achanjwe kila mwaka, na mwenyewe atunze cheti. Siku ya chanjo mbwa aletwe na mtu mzima anayeweza kumshika, siyo mtoto mdogo anayeburutwa. Watoto wa mbwa nao waletwe, mtaalamu ataamua. Anayeficha mbwa kwa kuogopa kuhesabiwa anaficha moto chini ya kitanda.

(5) Mbwa alishwe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mbwa mwenye njaa hujitafutia, na kwetu hapa kujitafutia maana yake ni kwenda porini. Asilishwe matumbo na maini mabichi yenye malengelenge kutoka machinjioni, kwani huko hupata minyoo ambayo mayai yake humfikia binadamu. Mizoga na mabaki ya machinjio yafukiwe.

(6) Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Pilipili, mafuta ya taa, majivu na unga wa mizizi visipakwe. Hata mkwaruzo mdogo usidharauliwe. Aliyeanzishiwa sindano azimalize zote kwa tarehe alizopangiwa, hata kama anajiona mzima.

(7) Mbwa aliyeuma asiuawe ovyo, ikiwa anaweza kufungwa kwa usalama. Afungwe, atazamwe kwa siku 10, na Afisa Mifugo apewe taarifa. Akibaki mzima baada ya siku hizo, hakuwa na ugonjwa katika mate yake siku alipouma. Lakini mtu aliyeumwa asisubiri matokeo hayo ndipo aende kutibiwa.

(8) Mnyama wa porini anayeonekana kutomwogopa mtu mchana kweupe, awe bweha, fisi au mwingine, asikaribiwe. Taarifa ipelekwe haraka kwa askari wa hifadhi na kwa Afisa Mifugo.

Naomba pia niseme juu ya sumu. Yako mawazo kwamba dawa ya mbwa wazururaji ni kuwategea nyama yenye sumu. Mawazo hayo hayafai. Nyama ile huliwa pia na paka, na fisi, na mzoga wa mbwa huliwa na tai, nao hufa kwa makumi. Isitoshe, kuua mbwa peke yake hakujamaliza kichaa mahali popote, kwa kuwa watu hupata mbwa wengine upesi, na hao wapya huwa hawajachanjwa. Mara nyingi aliyeuawa ni yule aliyekuwa na kinga. Mbwa aliyechanjwa ni ukuta. Kumwua ni kubomoa ukuta wako mwenyewe.

Neno kwa watumishi wa Serikali

Watumishi wenzangu, hapa nitasema nanyi waziwazi. Sehemu ya mbwa wazururaji wanaoonekana katika makao ya kata na mitaa ya nyumba za watumishi si wa wananchi. Ni wa kwetu. Mtumishi huja, hufuga mbwa wawili wa kumlinda, kisha barua ya uhamisho hufika. Vyombo hupakiwa kwenye gari, kuku hufungwa miguu na kupakiwa, na mbwa huachwa barabarani akilitazama gari likiondoka. Baada ya mwezi mmoja mbwa huyo ana njaa, na baada ya miwili yumo porini. Wananchi wanaona, nao hawasemi kwa heshima tu.

Mtumishi anayehamishwa aondoke na mbwa wake, au amkabidhi kwa mtu anayemjua, pamoja na cheti cha chanjo, kama anavyokabidhi ufunguo wa ofisi. Walimu nao waangalie mabaki ya chakula shuleni, kwani jalala lisilofukiwa huwakusanya mbwa mahali penye watoto wengi.

Na sisi wa Idara ya Mifugo tusijitoe. Chanjo ikichelewa, tuseme imechelewa na lini itafika. Tusiwaache watu wakasubiri na mbwa wao juani. Nami nimekwisha kueleza kwa nini nalisema hili kwa uchungu.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu uazimie mambo matatu. La kwanza, kila Mwenyekiti wa Kitongoji aandikishe mbwa wote wa eneo lake na majina ya wenyewe, ili dozi ziombwe kwa hesabu ya kweli. La pili, kila kijiji kichague siku moja ya mwaka iwe siku ya chanjo, isiyosahaulika. Tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inafaa. La tatu, vijiji vinavyogusa mpaka vianze kwanza, kwa kuwa hao ndio mlango.

Shabaha iliyowekwa duniani ni kwamba kufikia mwaka 2030 asiwepo mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa anachokipata kutoka kwa mbwa. Sisi hatuwezi kuitimiza dunia nzima. Tunaweza kuitimiza Kibimba. Mbwa hajui mpaka uko wapi, wala hajui tarehe ya chanjo. Hayo yote anayajua mwenye mbwa, na ndiye atakayeulizwa.



(Mwisho wa maelezo. Wakaazi wa Visiwa wenye mbwa wanakumbushwa kuwapeleka kuchanjwa kila mwaka katika vituo vitakavyotangazwa na masheha wao, na kutoa taarifa kwa ofisi ya mifugo ya wilaya iliyo karibu kila mtu anapoumwa na mbwa.)